Maganda ya Matoke Yarudishwe Ardhini

KILA alfajiri malori yaliyosheheni mikungu ya matoke huingia mjini Kampala kwa barabara ya Masaka, yakitoka Isingiro, Mbarara, Bushenyi na sehemu nyingine za magharibi. Mikungu hiyo hushushwa Nakasero, Kalerwe, Nakawa na Owino. Hununuliwa, ikabebwa kichwani, juu ya baiskeli na juu ya bodaboda, na kabla ya adhuhuri ndizi zimekwisha kumenywa na kufungwa katika majani ya mgomba, ziko motoni. Tangu hapo macho ya kila mtu yako chunguni. Maganda yaliyobaki chini hayana mwenyewe. Hayo ndiyo tunayotaka kuyafuata leo, tuone yanakokwenda, na kama huko ndiko yanakostahili kwenda.

Tuanze na uzito wake, kwa maana jambo hili wengi wetu hatulipimi. Katika ndizi mbichi ya kupika, ganda peke yake huchukua zaidi ya theluthi moja ya uzito. Kwa hiyo mkungu wenye kilo 20 huacha jikoni kilo saba au nane za maganda, kabla hatujahesabu kikonyo cha mkungu wenyewe, majani yaliyofunikia chakula, maganda ya viazi na mihogo, magunzi ya mahindi, na majani yaliyofagiwa uwanjani asubuhi. Jiji ambalo mwaka 2024 lilihesabiwa kuwa na watu wapatao milioni 1.8, mbali na wale waingiao asubuhi na kutoka jioni, haliwezi kula namna hiyo lisiache masalio mengi. Makadirio yatajwayo mara kwa mara ni tani 2,500 za takataka kwa siku, na inasemekana kwamba karibu nusu yake tu ndiyo izolewayo. Aidha, takataka za Kampala si kama zile za miji ya Ulaya, ambazo zina karatasi na makopo kwa wingi. Sehemu kubwa ya takataka zetu ni vitu vilivyoota shambani: ni mbichi, vina maji mengi, na ni vizito.

Kwa muda wa miaka 28 zile zilizozolewa zilipelekwa Kiteezi, wilayani Wakiso, kaskazini ya jiji, mahali palipofunguliwa mwaka 1996. Mwanzoni palikuwa nje ya mji. Mji ukakua ukapafikia, watu wakajenga chini ya jaa, na jaa nalo likazidi kupanda hata likawa kilima juu ya mapaa ya nyumba. Usiku wa kuamkia Jumamosi, tarehe 10 Agosti 2024, baada ya mvua kubwa, upande mmoja wa kilima hicho uliporomoka ukafukia nyumba pamoja na watu na mifugo. Wengine walikuwa usingizini. Kwa siku nyingi wachimbaji walifukua, na hesabu ya waliofariki ikafikia watu 35. Mwezi uliofuata Rais Museveni aliwaondoa kazini wakuu watatu wa Mamlaka ya Jiji.

Mengi yamesemwa juu ya nani alaumiwe, nasi hatutayarudia hapa. Lakini liko neno ambalo halikusemwa sana, nalo ni kwamba kifusi kile kilichowaua wenzetu, kwa sehemu yake kubwa, hakikuwa mawe wala chuma. Kilikuwa mabaki ya chakula. Yalikuwa maganda ya matoke yetu, yako na yetu sisi, yaliyofungwa katika kavera na kuwekwa kando ya njia tukidhani kwamba habari yake imekwisha.

Ganda likilazwa juu ya udongo, penye hewa, wadudu na vijidudu hulila likaisha. Likisongwa chini ya maelfu ya tani za wenzake hewa haipiti, na vijidudu vinavyoishi pasipo hewa ndivyo vinavyolivundisha, polepole, huku vikitoa gesi ya methani. Gesi hiyo huwaka, na ndiyo sababu ya moto unaofuka ndani ya majaa. Tena katika kulipasha joto anga, methani kwa kipindi cha miaka 20 ina nguvu zaidi ya mara 80 kuliko hewa ya ukaa. Maji ya maganda, yakichanganyika na ya mvua, hushuka chini yakiwa meusi na machungu, yakaingia katika vijito na mabwawa ya mafunjo. Kilima chenyewe hubaki kimelowa na kuteleza ndani yake, hata kama juu kinaonekana kigumu. Mvua nyingine kubwa ikija, mteremko ulio mkali hushindwa kujizuia.

Haya hayakuanzia Kampala. Mwezi wa Machi 2017 jaa la Koshe mjini Addis Ababa liliporomoka likaua watu zaidi ya 100. Mwezi wa Februari 2018 lile la Hulene, mjini Maputo, lilifanya vivyo hivyo usiku wa mvua, na watu wasiopungua 16 wakafa. Miji mitatu ya Afrika, na kila mahali walio chini ya jaa ni maskini waliokosa pengine pa kujenga.

RUTUBA INAYOPOTEA

Walakini hata kama Kiteezi isingeanguka kamwe, bado tungekuwa na hesabu mbaya. Mgomba ni mmea mlafi, hasa wa madini ya potasi, na sehemu kubwa ya potasi hiyo hupanda ikakaa katika mkungu, ganda likiwa na fungu lake kubwa. Mkulima wa Isingiro anapouza mkungu huuza na kipande cha shamba lake. Zamani aliyekula ndizi aliishi pale pale ilipokatwa, na ganda likarudi shinani siku ile ile. Leo lori laja likiwa limejaa na larudi tupu. Wataalamu wa udongo wamekwisha kuonyesha kwamba upungufu wa potasi ni miongoni mwa mambo yanayodhoofisha migomba ya kusini-magharibi, na mbolea ya dukani mkulima wetu huitumia kwa uchache mno. Viongozi wa Afrika walipokutana Abuja mwaka 2006 waliazimia kila hekta ipate kilo 50 za virutubisho ifikapo mwaka 2015. Mwaka huo ulifika ukapita, na Uganda ilikuwa bado mbali sana na kiasi hicho.

Kwa maneno mengine, rutuba ya magharibi husafirishwa kila siku kwa gharama ya mafuta ya dizeli, ikaliwa robo saa mezani, kisha kilichobaki kikasafirishwa tena kwa gharama nyingine hadi mahali ambapo hakiwezi kumfaa mtu. Hatuwezi kuyarudisha maganda yote Isingiro. Lakini tunaweza kuyazuia yasipande lori la pili.

SHIMO NYUMA YA JIKO

Wala si elimu mpya. Katika nyumba ya Muganda wa zamani, shamba la migomba, ambalo kwa Luganda huitwa olusuku, lilianzia mlangoni mwa jiko. Mama alimenya ndizi akageuka akayatupa maganda migombani. Majivu ya mafiga yalikwenda huko huko. Majani makavu ya mgomba, yaitwayo essanja, yalitandazwa juu ya udongo ili usikauke. Mtu yeyote aliyepita katika mashamba ya Buganda ameona kwamba migomba iliyo karibu na nyumba ni minene na ya kijani zaidi kuliko ile ya mbali.

Nako Tanzania, katika milima ya Mbinga, Wamatengo wamekuwa wakilima kwa zaidi ya karne moja kwa njia yao ya ngoro. Hufyeka nyasi, wakazilaza kwa mistari inayokatana mithili ya nyavu, kisha wakachimba udongo katikati ya kila mraba na kuzifunika nyasi hizo. Juu ya matuta yaliyofukia nyasi hupanda maharage, na baadaye mahindi. Mashimo yaliyobaki katikati huzuia maji ya mvua yasibebe udongo mteremkoni. Miteremko ile ni mikali kuliko ya Kololo, na bado inalimwa.

Hapa mjini tunaweza kufanya kwa kipimo cha uwanja wetu. Chagua mahali palipo mbali na msingi wa nyumba, tena mbali na kisima au chemchemi. Kama una mgomba au mpapai, chimba hatua moja kutoka shinani, usije ukaikata mizizi. Shimo liwe na upana wa sentimeta 60 na kina kama hicho, yaani tangu unyayo hadi juu kidogo ya goti. Udongo uliotoka uweke kando, usiutupe. Kila jioni mimina maganda ya siku hiyo, uyakatekate kwa jembe au kwa sepetu, uyafunike kwa majani makavu, kisha kwa udongo kidogo. Kesho fanya vivyo hivyo. Shimo likibakiza sentimeta 20 au 25 kufika juu, lifukie kabisa, tena uache udongo umeinuka kama kichuguu, kwa sababu vilivyomo chini vitashuka sana. Kwa nyumba ya watu sita inayokula matoke, shimo moja hujaa kwa wiki tatu au nne. Ukichimba sita kwa zamu, utakapofika la sita la kwanza litakuwa limekwisha kugeuka udongo, kwani katika joto na mvua za Kampala maganda laini humalizika kwa muda wa miezi miwili mpaka minne. Vigumu ni vikonyo, magunzi na kokwa za maembe. Hivyo ukivikuta vimebaki, virudishe katika shimo linalofuata.

Yale majani makavu msomaji asiyadharau. Maganda matupu yana maji mengi. Yakirundikwa peke yake hushikamana, yakakosa hewa na kunuka, yaani kile kile kilichotokea Kiteezi, ingawa kwa udogo. Majani makavu huyatenganisha. Kwa upande wa pili, mtu asifukie vikavu tupu, kama vile maranda ya mbao, akapanda mboga juu yake siku ya pili. Vijidudu vinapokula vitu vikavu hukosa naitrojeni, wakaiazima katika udongo, na mboga ikageuka manjano. Wanaosomea mambo haya husema sehemu 25 mpaka 30 za kaboni kwa sehemu moja ya naitrojeni ndiyo chakula bora cha vijidudu. Jikoni hatuna mizani hiyo. Ndoo moja ya maganda kwa ndoo moja ya majani makavu yatosha.

Tukiri kwamba sisi wenyewe tulianza vibaya. Shimo letu la kwanza lilikuwa la kina cha shubiri moja na nusu, kwa uvivu, na tulichanganya humo vichwa vya sangara. Usiku wa kwanza mbwa walilifukua. Asubuhi walikuja wale ndege wakubwa wenye upara, ambao Waganda huwaita kaloli, wakasimama kulizunguka kama wazee waliokuja kusikiliza shauri. Majirani walicheka, na walikuwa na haki. Tangu siku ile samaki na nyama hatufukii ila chini kabisa, na mara nyingi hatufukii kamwe.

YASIYOFAA KUFUKIWA

Hapa yafaa kusema juu ya maradhi ya migomba. Mwaka 2001 uligunduliwa wilayani Mukono mnyauko wa bakteria, ambao ulienea katika sehemu nyingi za nchi na kuangamiza mashamba mazima. Shimo la ardhini halipati joto kali kama lipatavyo lundo kubwa la mboji, na kwa hiyo haliui kila kiletacho ugonjwa wala kila mbegu ya magugu. Mgomba ulionyauka, ua lake, au ndizi zilizoiva kabla ya wakati na kuwa na doa la kahawia ndani, visizikwe karibu na migomba mizima, na jembe lililogusa mgonjwa lisafishwe kwa dawa ya kufulia yenye klorini au kwa moto. Vile vile mashina ya migomba iliyokatwa yapasuliwe yakauke kwanza juani, kwa sababu fukusi wa mgomba, yule aitwaye kayovu, hupenda kutaga katika mashina mabichi yaliyoachwa chini.

Kavera ni habari nyingine. Sheria ya kupiga marufuku mifuko myepesi ya plastiki ilipitishwa mwaka 2009, na mwananchi asiyejua tarehe hiyo asingeibahatisha kwa kutazama mtaro wa Nakivubo. Kavera likifukiwa haliozi. Huzuia maji kushuka na mizizi kupita, na mjukuu wako atalikuta. Basi kazi ya kwanza si kuchimba. Ni kuweka ndoo mbili jikoni, moja ya vilivyoota na nyingine ya visivyoota, na kuwazoeza watoto tofauti yake. Betri, vioo, nepi na dawa zilizopita muda zisikaribie shimo. Majivu ya mkaa yanafaa kwa kiasi, hasa katika udongo wetu mwekundu ulio mchachu, mradi mkaa huo haukuwashwa kwa plastiki.

WASIO NA UWANJA

Msomaji anayeishi Bwaise, Katanga au Kisenyi atakuwa amekwisha kuuliza swali lake: achimbe wapi? Chumba chake kimoja cha kupanga, ambacho mjini hapa huitwa muzigo, kimepakana na cha jirani, na mbele ya mlango pana nafasi ya sigiri tu. Tena mabondeni maji yako karibu. Ukichimba nusu mita wakati wa mvua za Machi mpaka Mei, au za Septemba mpaka Novemba, unapata kisima kichafu badala ya shimo la mboji. Mtu huyo tusimhubirie. Asipokuwa na fedha ya kumlipa mzoaji, husubiri mvua kubwa akaachia mfuko wake mtaroni, na mtaro huziba, na maji humrudia yeye mwenyewe chumbani.

Linaloweza kufanywa mitaa ya namna hiyo limekwisha kuanza kwa njia ya biashara. Maganda safi, yasiyochanganywa na kavera, yana wateja: wafuga ng'ombe, mbuzi na nguruwe pembezoni mwa jiji huyatafuta sokoni, na wako wanaoyakausha na kuyachoma wakapata makaa ya kufinyanga. Hivyo hata asiye na uwanja akitenganisha takataka zake, kitu kile kinakuwa mali badala ya kuwa uchafu. Aidha, miji mingine ya Uganda imetutangulia. Chini ya mpango uliosimamiwa na mamlaka ya mazingira, NEMA, kwa msaada wa Benki ya Dunia, vituo vya kugeuza takataka kuwa mboji vilijengwa katika miji kama Mukono, Jinja, Mbale, Soroti, Lira, Fort Portal, Kasese, Kabale na Mbarara. Jiji kuu, lenye takataka nyingi kuliko yote hayo, halikuwamo.

Lakini lawama yetu kubwa hatuielekezi mabondeni. Tunaielekeza vilimani. Pita Muyenga, Naguru, Kololo, Ntinda au Kisaasi siku ya kuzolewa takataka, utaona mbele ya malango makubwa magunia yaliyopangwa, na ukiyafungua (tumeyafungua) utakuta nyasi zilizofyekwa, majani ya miembe, vipande vya ua, na maganda. Ndani ya ua ule mna ardhi ya kutosha kufukia maganda ya mtaa mzima, na mara nyingi yuko mtunza bustani anayelipwa kila mwezi. Siku ya pili gari lile lile la nyumba hiyo hutumwa likanunue gunia la udongo mweusi kwa ajili ya maua. Mtu huyu analipa mara mbili: kuondoshewa mboji yake na kuletewa ya mwenzake.

Vivyo hivyo shule za bweni, kambi za askari, vyuo na hospitali. Jiko linalolisha watu 500 halina udhuru wa kutochimba. Sheria haizuii; Kampala ilipata sheria ndogo za kilimo cha mjini mwaka 2006, na Mamlaka ya Jiji ina kituo chake cha kilimo huko Kyanja, ambako mwananchi anaweza kwenda kuona mboga zikikuzwa katika nafasi ndogo. Ikiwa kila mwenye uwanja angebakiza vilivyoota ndani ya uwanja wake, malori yangekuwa na nafasi na mafuta ya kwenda Bwaise na Katanga, ambako yanahitajiwa kweli, na yangebeba mzigo mkavu usiotoa gesi wala kuteleza.

Kwetu, baada ya aibu ya vichwa vya sangara, tumefika shimo la tano. La kwanza tulilifunua kwa ncha ya jembe. Hapakuwa na maganda tena, bali udongo mweusi uliojaa nyungunyungu, pamoja na kijiko cha chai kilichotafutwa nyumbani tangu Pasaka. Juu ya la pili imeota, bila ya kupandwa, miche mitatu ya maboga, nyanya zisizohesabika na mpapai mmoja. Mpapai tumeuhamishia penye jua. Maboga tumeyaacha yatambae. Yamekwisha kupita seng'enge hadi upande wa jirani, yule aliyetucheka, na jana jioni alimtuma mwanawe kuja kuazima jembe.